Sura ya Nne: Ndizi ya Kuvundikwa

Kliniki ya watoto huanza kwa foleni ya kadi, si ya watu. Kila mama akifika anaweka kadi yake mezani, chini ya kadi ya aliyemtangulia, kisha anatafuta pa kujibana kwenye benchi. Niliwahi kukaa kwenye benchi hilo siku niliyomsindikiza dada yangu, na kwa saa mbili nzima kazi yangu ilikuwa kushika begi la nepi na kutazama mzani. Ulikuwa ule mzani wa saa unaoning'inizwa kwenye boriti, wenye ndoano chini. Mtoto anavalishwa kaptula ya kupimia yenye kamba, anatundikwa, anapiga yowe, mshale unayumba, nesi anasubiri utulie. Kisha anatia nukta kwenye kadi.

Aliyekuwa mbele yetu ana binti wa miezi kumi. Nukta yake ilitoka kijani ikaingia kijivu.

"Mama Rehema, mtoto hajaongezeka mwezi wa pili huu. Mnampa nini nyumbani?"

"Uji, nesi."

"Uji wa nini?"

"Wa sembe."

"Na nini?"

Mama Rehema aliitazama kadi kama vile jibu liko humo. "Na sukari, ikiwepo."

Nesi akaeleza habari za karanga, dagaa na mboga za majani, akaeleza vizuri tu, kisha akaita kadi inayofuata. Rehema alikuwa ameshanyamaza, anatafuna kamba ya kaptula.

Mzani ule ulipima karibu kila kitu isipokuwa kile ambacho mwaka huo kilikuwa kinakua mbio kuliko vyote mwilini mwa Rehema. Ubongo wa mtoto hukaribia kuongezeka maradufu katika mwaka wa kwanza, na akifika miaka mitatu unakuwa umeshafikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ukubwa wenyewe ndiyo sehemu ndogo ya habari. Seli za neva, ambazo mtu mzima anazo kiasi cha bilioni 86, mtoto huzaliwa nazo karibu zote. Kinachoongezeka ni viungo baina yao, na kinachofuata ni kupogolewa kwa viungo hivyo, vinavyotumika vibaki na visivyotumika vikatwe. Kazi hiyo haionekani kwa macho, wala haipandishi mshale wa mzani.

Kuna watu waliojaribu kuitazama. Walikwenda na mashine ya mabilioni ya shilingi, katika mji ambao umaskini na utajiri vimetenganishwa na barabara moja.

Mji wenyewe ni St. Louis, jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, na barabara ni Delmar. Kaskazini mwa Delmar wakazi wengi ni Wamarekani weusi, na nyumba nyingi zimepigiliwa mbao madirishani. Kusini wengi ni weupe, na nyumba zina bustani. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya mjini hapo walitoa ripoti iliyowashtua hata wenyeji waliodhani wanaujua mji wao. Mtu wa eneo lenye namba ya posta 63106 alitarajiwa kuishi miaka 67. Wa eneo la 63105, maili chache tu kutoka hapo, alitarajiwa kuishi miaka 85. Tofauti ya miaka 18, baina ya watu wanaoshangilia timu moja ya besiboli.

Chuo kimoja kati ya hivyo viwili ni Chuo Kikuu cha Washington, ambacho hakiko jijini Washington, jina lake huwapoteza wengi. Hapo madaktari wa watoto wachanga na wa magonjwa ya akili, wakiwamo Cynthia Rogers, Joan Luby, Barbara Warner na Christopher Smyser, walianza mwaka 2017 kuwaandikisha wanawake wajawazito. Walipata karibu 400. Hawakungoja mtoto azaliwe ndipo waulize maisha ya nyumbani yakoje. Waliuliza mimba ikiwa bado tumboni. Waliuliza mambo matano: kipato cha familia kikilinganishwa na idadi ya midomo, elimu ya mama, hali ya mtaa anaoishi, aina ya bima ya afya aliyonayo, na chakula anachokula. Majibu hayo waliyaunganisha kuwa kipimo kimoja cha hali duni ya maisha. Naomba msomaji akumbuke hayo matano, nitayarudia.

Mtoto alipozaliwa, katika wiki zake za mwanzo alipelekwa kwenye mashine ya MRI. Wengi wakisikia hivyo hudhani alichomwa sindano ya usingizi. La. Mtoto ananyonya mpaka ashibe, anafungwa vizuri kwenye blanketi, masikio yanazibwa maana mashine ile inapiga kelele kama fundi anayetoboa zege, kisha watu wazima wote chumbani wanabana pumzi na kungoja alale. Akilala analazwa ndani. Akijitikisa kidogo tu, picha za dakika hizo hutupwa. Watoto walipofikisha miaka miwili na mitatu waliletwa tena, usiku, ili wakutwe na usingizi wao wa kawaida. Aliyewahi kumhamisha mtoto wa miaka miwili kutoka mgongoni kwenda kitandani bila kumwamsha atajua kwamba hapa sehemu ngumu ya sayansi haikuwa hesabu.

Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2022, ya watoto 280. Wale ambao mama zao waliishi katika dhiki zaidi walikuwa, kwa wastani, na ubongo mdogo kidogo na wenye mikunjo michache. Hao ni watoto wa wiki chache. Hawajanyimwa kitabu, hawajasomeshwa na mwalimu mchovu, hawajatazama televisheni kutwa. Tena watafiti walipoutenga msongo wa mawazo wa mama wakaupima peke yake, hawakuikuta alama hiyo. Iliyoacha alama ni hali ya maisha yenyewe. Nililisoma hilo mara mbili, kwa sababu huku kwetu mjamzito huambiwa kila siku "usiwaze mama, utamdhuru mtoto", kana kwamba mawazo yanatoka hewani na si kwa mwenye nyumba anayedai kodi.

Lakini ukubwa, nimeshasema, si habari kubwa. Habari kubwa ni mitandao.

Mwaka 1995 mwanafunzi mmoja huko Wisconsin, Bharat Biswal, alikuwa akipima ubongo wa watu waliolala ndani ya mashine wasifanye lolote. MRI ya aina aliyoitumia hufuata damu yenye oksijeni, maana sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu zaidi. Biswal aliona kitu ambacho wengi walikichukulia kuwa uchafu wa mashine: sehemu inayoendesha mkono wa kulia na ile inayoendesha mkono wa kushoto, zilizo pande mbili tofauti za kichwa, zilipanda na kushuka pamoja, polepole, ilhali hakuna kidole kilichosogea. Zilikuwa zinazungumza hata wakati wa mapumziko. Miaka sita baadaye Marcus Raichle, wa St. Louis hiyo hiyo, alieleza mtandao mzima unaochangamka hasa pale mtu anapokuwa hafanyi kazi maalumu. Tangu hapo kulala ndani ya mashine bila kufanya chochote kumekuwa njia ya kuchora ramani ya nani anaongea na nani ndani ya kichwa. Ndiyo maana mtoto aliyelala fofofo anapimika.

Fikiria soko linalofunguliwa kwenye uwanja mtupu. Siku ya kwanza kila mtu anatandika turubai lake pale alipopata nafasi. Muuza nyanya yuko jirani na fundi simu, mama wa mitumba amekaa kati ya mkaa na samaki. Kila mmoja anaongea na aliye karibu naye kwa sababu yuko karibu, basi. Baada ya miezi, bila amri ya halmashauri, nyanya zinajikuta upande mmoja, mitumba upande mwingine, mafundi simu wana mstari wao na bodaboda wana kijiwe chao. Wa nyanya wanapeana habari za bei ya nyanya, hawana tena haja ya kusikia ya mafundi simu. Soko limejigawa. Linafanya kazi kwa ufanisi zaidi, lakini pia limekuwa gumu kupangika upya, kwa sababu watu wameshachimbia nguzo na kuezeka mabati.

Ubongo wa mtoto unapitia njia hiyo. Mitandao ya kuona, ya kugusa, ya kusogeza mwili, na baadaye ile ya kutafakari na kujizuia, huanza ikiwa imechanganyika, halafu kila mmoja unashikamana na wake na kujitenga na wengine. Watafiti huita hali hiyo utengano wa mitandao, na unaweza kupimwa kwa namba.

Mwaka 2024 Ursula Tooley na wenzake wa St. Louis walitoa namba hizo za watoto 261, tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu. Walikuwa wameandika mapema, mahali pa wazi, watakachopima na namna watakavyokipima, ili wasije wakachagua tu majibu yaliyowapendeza. Mtu angetarajia kukuta kwamba watoto wa dhiki wamechelewa. Walichokuta ni kwamba mitandao ya watoto hao ilijitenga kwa kasi zaidi kadiri umri ulivyosonga. Soko lao lilikuwa linaezeka mabati mapema. Na walipopima lugha watoto wakiwa na miaka miwili, waliokuwa na utengano mdogo zaidi, yaani wale ambao soko lao bado lilikuwa limechangamana, ndio waliokuwa na lugha bora zaidi.

Bibi yangu alikuwa akivundika ndizi. Shimo lilichimbwa nyuma ya jiko, likatandazwa majani makavu ya mgomba, chane za ndizi mbichi zikapangwa, zikafunikwa majani na udongo, na moshi ukaelekezwa ndani. Siku ya nne zinatoka za njano. Zinaliwa, zinauzika, hakuna aliyekufa kwa kula ndizi ya kuvundikwa. Lakini kipande kimoja cha ile iliyoivia mgombani ukikiweka mdomoni huhitaji kuambiwa. Iliyovundikwa ilipelekwa mbio, ikaiva kabla haijamaliza kunyonya mgomba.

Tooley, akiwa na Danielle Bassett na Allyson Mackey, alishaandika mwaka 2021 kwamba swali la mazingira na ubongo wa mtoto lisiishie kwenye ukubwa, liulize pia kasi. Mwaka huohuo maabara ya Mackey katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilitoa jambo ninalolipenda kuliko yote katika sura hii, kwa kuwa halihitaji mashine wala profesa kulielewa. Walitazama magego. Watoto 117, wa miaka minne hadi saba, walikaguliwa magego yao ya kudumu ya kwanza, yale yanayoota nyuma kabisa pasipong'oka jino. Kadiri kipato cha familia kilivyokuwa kidogo, ndivyo magego yalivyoelekea kuota mapema. Mwili mzima, inaonekana, husoma habari za mahali ulipozaliwa. Zikiwa habari za shida, huharakisha kukomaa, kwani kiumbe asiye na hakika ya kesho hana sababu ya kuurefusha utoto. Hii ni nadharia, na inabishaniwa. Lakini bibi zetu waliosema "mtoto huyu ameota meno ya shida" hawakuwa wakipiga porojo tupu.

Kukomaa mapema kuna ubaya gani basi? Utoto mrefu ndio mtaji mkubwa wa binadamu. Ndama anasimama siku anayozaliwa, mwanadamu anachukua mwaka. Katika kuchelewa huko ndipo ubongo unabaki laini, unaokota lugha, tabia, nyuso na hila za kwao. Ukifunga mapema, unafunga na kile ulichokwisha kuokota tu. Kwa mtoto aliye kwenye hatari, kufunga mapema kunaweza kuwa busara kabisa. Gharama yake hujitokeza baadaye, katika mazingira yanayomtaka abadilike, kama darasani.

Nisimpe msomaji mfano mtamu akameza na maganda. Kuna ushahidi unaokwenda upande mwingine, na mkubwa zaidi unatoka Romania.

Mwaka 1966 Nicolae Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba ili taifa liongezeke. Familia zisizoweza kulisha waliozaliwa ziliwapeleka kwenye vituo vya serikali, na utawala ulipoanguka Desemba 1989 dunia iliona vitanda vya chuma vilivyopangwa safu kwa safu, vyenye watoto waliokuwa wamejifunza kutolia, kwa kuwa hakuna aliyekuja walipolia. Kuanzia mwaka 2001 Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walichukua watoto 136 wa vituo vya Bucharest, wenye umri wa miezi 6 hadi 31, wakapiga kura: nusu wapelekwe kwa walezi majumbani, nusu wabaki kwenye utaratibu uliokuwapo. Ukatili wa kura hiyo umejadiliwa sana, na nadhani haukwepeki. Lakini kabla yake walezi wa namna hiyo Bucharest walikuwa wachache mno, na hakuna mtoto aliyezuiwa kuondoka kituoni nafasi ilipopatikana.

Umeme wa ubongo wa watoto wa vituoni ulipopimwa kwa vinasa vilivyobandikwa kichwani, haukuwa umeiva mapema. Ulifanana na wa watoto wadogo kuliko wao. Walipofika miaka minane, waliohamishiwa kwa walezi kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa na mawimbi yanayofanana na ya watoto waliokulia kwao. Waliohamishwa baada ya hapo hawakuwafikia. Uchunguzi mwingine, wa Waromania waliochukuliwa na familia za Uingereza, uliwakuta ukubwani na ubongo mdogo kwa asilimia 8.6 kuliko wenzao waliolelewa na familia za Uingereza bila kupitia vituo hivyo, ingawa walikuwa wameishi maisha mazuri kwa miaka mingi.

Kwa hiyo dhiki si kitu kimoja. Kukosa mtu wa kukushika ni ugonjwa mmoja, kukosa pesa ukiwa umeshikwa vizuri ni mwingine, na njaa ni wa tatu. Magazeti huyapakia yote kwenye gunia moja na kuandika "umaskini waharibu ubongo". Kichwa hicho cha habari ni cha uongo. Hakuna daktari anayeweza kuchukua picha ya ubongo wa mtoto mmoja akakuambia huyu ni wa kaskazini mwa Delmar na huyu wa kusini. Tofauti zote nilizozitaja ni za wastani, na makundi yenyewe yamepandana kama vigae. Watoto wengi wa mafukara wana ubongo usiotofautika na wa matajiri, na wako watoto wa matajiri wenye kila dalili ya dhiki.

Pesa, basi. Mwaka 2015 Kimberly Noble na wenzake walichapisha picha za ubongo za watoto na vijana 1,099 wa Marekani, wa miaka 3 hadi 20. Kipato cha nyumbani kilikwenda sambamba na eneo la gamba la ubongo, lakini si kwa mstari ulionyooka. Chini kabisa, tofauti ya dola chache kwa familia iliendana na tofauti kubwa ya ubongo. Juu, tofauti ya maelfu haikubadili mengi. Mwenye duka la genge anaijua hesabu hiyo. Noti ya elfu kumi mkononi mwa Mama Rehema ni dagaa, karanga na mafuta ya wiki. Mkononi mwa meneja wa benki ni maegesho.

Uwiano si chanzo, na Noble alijua. Njia ya kukata mzizi wa fitina ilikuwa moja, kuwapa watu pesa. Kati ya mwaka 2018 na 2019 akina mama maskini 1,000 waliojifungua New York, New Orleans, Omaha na Minneapolis pamoja na St. Paul waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipata dola 333 kila mwezi, wengine dola 20, kupitia kadi ya benki, bila masharti. Ikaja korona, ziara za majumbani zikasimama, na watoto 435 tu ndio waliokuwa wamepimwa umeme wa ubongo walipotimiza mwaka. Januari 2022 matokeo yalitangazwa: watoto wa dola 333 walionyesha mawimbi ya kasi zaidi, aina ile inayoendana na lugha na kufikiri. Wanasiasa wakadaka, magazeti yakashangilia.

Mwaka 2025 yakatoka ya miaka minne. Hakuna tofauti. Si kwenye mawimbi, si kwenye lugha, si kwenye uwezo wa kujizuia. Waliokuwa wameshangilia wakanyamaza, na waliokuwa wakisema pesa za bure ni ufujaji wakapata sauti.

Mimi naona pande zote mbili zilikimbilia mlango mbaya. Dola 333 kwa mwezi ni dola 3,996 kwa mwaka. Haikuhamishi mtaa, haikununulii bima bora, haibadilishi kilichotokea tumboni, kwa sababu kadi ilifika mtoto akiwa ameshazaliwa. Na akina mama wale hawakuzinywea pombe, kama wabishi walivyotabiri. Waliongeza kidogo matumizi yao kwa vitu vya watoto, wakakaa nao zaidi wakisoma na kucheza. Hilo lenyewe lina thamani, hata kama kipimo cha umeme hakikulisoma. Tena utafiti wa mwaka 2023 wa David Weissman, uliotazama zaidi ya watoto 10,000 wa miaka 9 hadi 11 katika majimbo 17, ulionyesha kwamba palipo na maisha ghali lakini serikali ya jimbo ikatoa ruzuku kubwa zaidi kwa maskini, pengo baina ya watoto wa tajiri na maskini katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, lilipungua kwa asilimia 34. Jimbo ni kubwa kuliko kadi ya benki.

Huku kwetu mashine za MRI ni chache, na hakuna atakayeondoa hata moja kwa mgonjwa wa ajali ili apime usingizi wa kichanga. Lakini swali la nini kinaathiri ukuaji wa akili ya mtoto maskini lilishaulizwa Pemba, kwa vyombo duni zaidi na jibu lenye mafunzo mengi zaidi kuliko la Marekani.

Katika kijiji cha Kengeja, kusini mwa kisiwa, watoto 614 wa miezi 6 hadi 59 walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 na Rebecca Stoltzfus na wenzake. Karibu kila mtoto pale alikuwa na upungufu wa damu. Wengine walipewa miligramu 10 za madini ya chuma kila siku kwa mwaka mzima, wengine dawa isiyo na kitu, na hakuna aliyejua nani anapata ipi. Mzazi aliulizwa: anasemaje mtoto sasa, anatembeaje? Waliopewa chuma waliongeza lugha, na waliokuwa na upungufu mkubwa zaidi waliongeza pia uwezo wa kusogeza mwili. Chuma hutumika kutengeneza miyelini, ule utando wa mafuta unaovika nyuzi za neva na kuupa ujumbe kasi. Bila miyelini mitandao niliyoieleza ni waya tupu.

Ungedhani mjadala umekwisha, chuma kigawiwe kisiwa kizima. Kiligawiwa, katika utafiti mkubwa kuliko ule, chini ya Sunil Sazawal. Ulisitishwa kabla ya muda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa katika hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mzito. Malaria ilikuwa tele kisiwani, na chuma hicho, palipo na vimelea, kinaweza kumlisha adui. Ila katika kundi dogo ambalo watoto walifuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, wenye upungufu walifaidika. Kidonge ni kilekile. Kilichotofautiana ni kama palikuwa na mtu wa kupima damu na dawa ya kumtibu aliyekutwa na vimelea.

Iringa inasema jambo hilohilo kwa lugha ya mahindi. Ni mkoa unaolisha nchi, na takwimu za taifa za mwaka 2022 ziliwakuta asilimia 56.9 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa 30. Kenya mwaka huohuo wastani ulikuwa 18, na Kilifi 37. Udumavu ni kipimo cha urefu, haupimi ubongo, na aliyedumaa si mjinga. Lakini kinachoufupisha mfupa hakikosi kupitia kichwani.

Nimerudi mara nyingi kwenye swali la nesi: mnampa nini nyumbani? Ni swali zuri, na lishe ni moja kati ya yale matano ya St. Louis. Linalobaki ni kwamba aliulizwa Mama Rehema peke yake, kama vile matano yote yako kwenye sufuria yake. Kuhusu uji muulizeni yeye. Kuhusu kipato, shule aliyoikosa, mtaa usio na maji na bima asiyo nayo, muulizeni diwani, na mbunge akija kuomba kura muulizeni naye, mkiwa na kadi ya kliniki mkononi.